Saba Yenye Mkanda

Kwanza honi ilipata mafua.
Mbuzi wa Chavakali walinitazama,
wakaendelea kutafuna.
Kisha taa: nikipunguza mafuta kwenye kona ya soko
inafifia kama jicho la mdeni asiyetaka salamu.
Halafu stata. Tik. Tik.
Mama mkwe anayesonya kwa adabu.

Nikawa napiga teke.
Miezi minne, asubuhi kwa asubuhi, teke,
abiria anangoja na trei ya mayai mapajani
nami nasema, "Ni baridi tu, mama. Itawaka."
Saa saba mchana, baridi gani?

Fundi Kageha hakuwa na haraka.
Alifungua kiti kwa spana ya kumi,
akapuliza vumbi jekundu la barabara ya Kaimosi,
akagusa unga mweupe ulioganda kwenye ncha
kama chumvi kwenye kwapa la shati la kazi.
"Maji ulitia lini?"
Nikanyamaza.
"Ukatia ya mvua, sivyo?"
Nikanyamaza zaidi.
Akaweka mita. Kumi na moja nukta nne.
"Uliichaji?"
"Usiku kucha, kwa Mwenesi."
"Basi huna betri. Una boksi."

Akaniambia yale ambayo kila mtu stejini anayajua:
iliyotunzwa hufika miaka mitatu, ikijaliwa minne;
ya bodaboda, inayowashwa mara arobaini kwa siku,
safari fupi fupi zisizoipa nafasi ya kushiba,
na redio, na taa za urembo chini kama ukumbi wa harusi,
mshukuru Mungu kwa miwili.
Ikilala imeshiba ikaamka na njaa, usiibembeleze.
Na teke, akasema, teke ndilo linalowadanganya.
Pikipiki inawaka, mnadhani hakuna aliyekufa.

Alikuwa amesema tu.
Alikuwa anatafuta bisibisi.

Akaitoa, akaipangusa kwa kitambaa,
na ubavuni maandishi yakajitokeza
kwa rangi nyekundu ya kucha, ya kuazima kwa mkewe:
17-7, na mwaka,
saba zote mbili zimefungwa mkanda kiunoni
ili mtu asije akadhani ni moja.
Mkono wa Igunza.
"Andika siku uliyonunua," aliniambia kaka yangu,
"usije ukabishana na fundi."
Novemba tulimzika, udongo umelowa hadi unarudi na jembe,
nikarithi funguo, deni la chama
na hii.

Kageha alisoma tarehe. Hakusema pole.
"Mnunuzi wa vyuma atakupa mia mbili na hamsini.
Usiiweke nyumbani. Ina risasi, ina asidi, una watoto."
Nikasema nitafikiri.
"Fikiri. Mimi nafunga saa kumi na mbili."

Mvua ya alasiri ikapiga mabati, ikachoka.
Betri ilikuwa kwenye benchi, kilo mbili na kitu,
inanitazama kwa saba zake.
Saa kumi na moja na nusu nikasema, funga mpya.

Mpya haina sura. Nyeusi, ncha zake zina kofia.
Waya mwekundu kwanza, mweusi baadaye;
siku ya kutoa, akanionyesha, huanza mweusi.
Nikagusa stata, ikaitika kabla sijamaliza kuita.
Honi: mbuzi watatu wakaruka mtaro.

Nikaomba rangi ya kucha.
Kageha, grisi hadi viwikoni, alikuwa nayo mfukoni, zambarau.
Nikaandika: 22-3.
Nikatazama. Hakukuwa na saba hata moja.
Akatikisa funguo za duka.
Nikatazama saa ya ukutani, nikainama tena,
nikaongeza chini, polepole, rangi isivuje:
saa 12 kasoro 7,
nikaifunga mkanda.